Nakala ya Mwenye Uso

Kanuni yetu ni moja, imeandikwa kwa wino mzito
juu ya mlango wa fundi cherehani, Magomeni Mapipa,
tunakokutana Jumamosi akishafunga:
ukimpiga mtu picha, mrudishie nakala.

Kwa kanuni hiyo nimetembea.
Muuza kahawa wa Kariakoo nilimtafuta siku nne,
bahasha kwapani, nikiuliza kila kona,
kumbe amehamia Buza. Nikaenda Buza.
Akaitazama, akasema, "Mbona nimekonda hivi?"
akaitia mfukoni, akanimiminia kikombe, hela hakutaka.

Basi Jumamosi ile Nsajigwa akaleta yake.
Mama wa makamo, Feri, mbele ya karai la pweza,
moshi umemzunguka kama ushungi wa pili,
na macho, macho yale nawaambia, yalitujua.
Tukanyamaza.
Hamdani akasema, "Hapo umeua."
Nami nikaona kijicho, sifichi.

"Anaitwa nani?" Dominata akauliza.

"Haitwi. Nimemwandika.
Mistari miwili kwenye simu, usiku, nimelala chali,
umeme umekatika."

Hapo pakachimbika.

Dominata amepiga picha za pasipoti Ilala miaka kumi na minne,
anayajua masikio ya nusu ya jiji.
"Hiyo mashine imejifunzia kwa nani?
Wenye nyuso zao, nani aliwapigia hodi?"

"Nasi tulijifunzia kwako, dada. Tulikulipa nini?"

"Mlinibebea stendi," akasema Dominata.
"Mlininunulia supu. Mlikosea mbele yangu, nikawacheka."

Tukapiga kura, saba kwa sita, isitundikwe.
Kisha Hamdani akatuhesabu: tuko watu kumi na wawili.

Mimi sikuchangia neno. Nilikuwa na langu.

Mama yangu hana picha.
Maji ya Jangwani yaliingia usiku,
yakaondoka na kabati, na albamu ndani ya kabati,
na mama mwenyewe alikuwa ameshatangulia miaka sita.
Wiki mbili kabla ya ugomvi ule niliiambia mashine:
mwanamke wa Kizaramo, miaka arobaini,
kanga ya zambarau, yuko mlangoni, Kigogo, asubuhi, anacheka.
Ikanipa.
Kwa kitambo kidogo, Mungu anisamehe,
niliitika, "Abee."

Halafu nikayaona meno.
Meupe, yamepangwa kama vigae vya benki.
Mama alikuwa na pengo, na akicheka
alivuta pindo la kanga akajifunika mdomo,
kwa hiyo kicheko chake mimi nakijua kwa mabega.
Nikaandika: afunike mdomo. Ikamfunika kwa kiganja.
Nikaandika: kwa kanga. Ikampa kanga nyingine,
na kwenye kanga maandishi
yasiyo Kiswahili, yasiyo lugha ya mtu.

Kanga isiyosema!
Nikataka kuisahihisha, niiandikie jina la ile ya mama,
vidole juu ya kioo,
na sikulikumbuka.

Ndiyo maana Jumapili nilikwenda Mbagala kwa mama mdogo Zawena,
kamera shingoni, aibu chini ya kamera.
"Ile kanga ya zambarau ilisemaje?"
Akaacha kuchambua mchele.
Akanitajia jina moja, akalikana, akataja jingine,
akasema hapana, hilo lilikuwa la kwangu, aliniazima akaninyima,
na hapo akacheka,
pindo likapanda mdomoni, mabega yakatikisika,
nami nikabonyeza nimechelewa.

Imetoka na ukungu. Pua haionekani.
Dominata ameigeuza mara mbili, amesema mwanga umekupiga chenga,
kisha ameitundika mwenyewe.

Yule mwingine bado yumo simuni. Sijamfuta.
Nyuma yake nimeacha nafasi ya jina,
na mlango wa kumpelekea nakala siujui.

Ya Zawena iko kwenye bahasha.
Nitaipeleka kesho, na najua atasema
nimemnenepesha.